UNAMWAMBIAJE MKUBWA WAKO KWAMBA AMEKOSEA?

Mazungumzo na vijana, Katangi, Kaunti ya Machakos

Ndugu zangu na dada zangu mliofika hapa Katangi leo, na wewe unayesoma haya kwenye simu yako ukiwa kazini, kwenye matatu au umejilaza tu nyumbani, karibu tuzungumze. Sitakaa sana. Nina jambo moja tu: ukiona mkubwa wako wa kazi amekosea katika kazi yake, unamwambiaje?

Wengi wenu mmeanza kazi juzi. Kuna anayefundisha shuleni kwa muda, kuna dada anayejifunza kazi zahanati, kuna anayeshika vitabu vya chama cha akiba, kuna kijana ameingizwa kwenye kamati ya msikiti kwa sababu anajua kutumia kompyuta. Kila mmoja wenu ana mtu juu yake. Na kila mmoja, leo au mwaka ujao, atamwona mtu huyo akifanya jambo ambalo moyo unasema: hapa pana makosa.

Sote tumelelewa na methali moja: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni maneno ya kweli, wala sikuja hapa kuyabomoa. Lakini hebu jiulize. Mkuu naye akiwa anatembea gizani na wewe unaliona shimo, je? Na kazini, mkuu akiteleza, mara nyingi guu linalovunjika si lake wala si lako. Ni la mtu wa tatu ambaye hata hayuko chumbani: mgonjwa, mwanafunzi, mjane aliyeweka akiba yake, mzee aliyekuja kutafuta haki.

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikijitolea katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria. Sitaitaja jina. Mkubwa wangu pale alikuwa mtu mwema, mwenye ujuzi wa miaka mingi. Tulimwita Mwalimu, maana sote tulijifunzia kazi mikononi mwake. Siku moja akaja mzee mmoja, soja wa usiku. Alikuwa amelinda shamba la watu kwa miaka 11, kisha akaachishwa kazi kwa simu, bila notisi, bila kulipwa hata siku zake za likizo. Alikuwa amekaa nyumbani miaka 2 na miezi 5 akidhani hana haki yoyote, mpaka jirani alipomwelekeza kwetu.

Mwalimu alimsikiliza vizuri. Akamwambia, "Mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Kesi ya mkataba ina miaka sita. Nenda utafute karatasi zako zote, tuandae kesi iliyoshiba." Mzee akaondoka uso umekunjuka.

Mimi nilikuwa pembeni, naandika. Na wiki hiyo hiyo nilikuwa nimesoma Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Ni kweli kwamba sheria ya jumla inayopanga muda wa kufungua kesi inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba. Lakini Sheria ya Ajira ina kifungu chake yenyewe, kifungu cha 90 kwa hesabu ya wakati ule, kinachosema madai ya kazi yafunguliwe ndani ya miaka 3. Mitatu, si sita. Na muda huo ukipita, mahakama haina uwezo wa kukuongezea. Nilikuwa najua. Ule ukurasa nilikuwa nimeukunja pembe.

Nikasema nini? Sikusema kitu.

Nikajiambia, huyu anafanya kazi hii tangu mimi niko chekechea, lazima anajua kitu nisichokijua. Nikajiambia, nitaonekana najifanya. Nikajiambia, kesho nitamuuliza vizuri. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu, maana sasa ningelazimika pia kueleza kwa nini nilinyamaza mwanzo.

Mzee akarudi baada ya miezi 8, karatasi zake zimepangwa vizuri ndani ya bahasha ya kaki. Muda ulikuwa umepita kwa mwezi mmoja.

Mwalimu ndiye aliyegundua, alipoketi kuandika yale madai. Akaniita. "Wewe ulikuwa unajua hii?" Nikamwambia ndiyo. "Tangu lini?" Nikamwambia, tangu siku ile mzee alipokuja. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliniuliza tu, "Sasa mbona hukuniambia?" Nikasema, "Nilikuheshimu, Mwalimu." Akatikisa kichwa. "Hapana. Uliniogopa."

Tulienda pamoja kumwambia yule mzee. Mwalimu aliomba radhi kwa kinywa chake. Mzee akazikunja karatasi, akazirudisha kwenye bahasha, akatushukuru kwa chai. Akaondoka. Malipo ya miaka 11 yaliondoka naye. Mimi nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na sikuisema.

Sasa pengine unafikiri, hayo ni mambo ya ofisi ndogo, watu wachache, vitabu vya zamani. Kwenye kazi kubwa zenye wataalamu na mitambo hayawezi kutokea. Basi sikiliza.

Tarehe 5 Mei 2007, usiku wa manane, ndege ya Kenya Airways, safari ya KQ507, iliondoka Douala nchini Kameruni kuja Nairobi. Ilikuwa ndege mpya ya aina ya Boeing 737-800, yenye watu 114. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, mvua na radi. Haikumaliza hata dakika 2 hewani. Ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko, chini ya kilomita 6 kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Hakuna aliyepona.

Wachunguzi wa Kameruni walitoa ripoti yao mwaka 2010. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52, na saa zaidi ya 8,000 za kurusha ndege. Msaidizi wake alikuwa na miaka 23, na saa zake hazikufika 1,000. Waliruka bila kupata ruhusa ya mnara. Walipokuwa hewani, rubani mkuu alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika. Utaratibu unataka msaidizi atazame na kuthibitisha kwa sauti. Hakuna uthibitisho uliotoka, na ule mtambo haukuwa umeshika. Ndege ikawa inalala upande wa kulia, polepole, gizani, bila taa za nje za kuwaonyesha wapi ni juu na wapi ni chini. Karibu dakika nzima hakuna aliyekuwa akiiendesha kikweli. Walipozinduka, walikuwa wamechelewa.

Nataka tuwe waadilifu hapa. Wote wawili wametangulia mbele ya haki, na sikuja kuwahukumu. Wala ripoti haikusema kwamba ukimya peke yake uliiangusha ile ndege. Ilisema rubani alipoteza mwelekeo, na ikataja pia kwamba taratibu za kufuatilia safari hazikufuatwa, na kwamba wawili hao hawakufanya kazi kama timu. Tena ikagusia tabia: mkubwa mwenye amri nyingi, na mdogo mpole, asiyependa kubishana.

Tafakari hilo. Chumba kile kiliwekwa viti viwili kwa makusudi. Kiti cha pili hakikuwekwa cha kumsindikiza mkubwa. Kiliwekwa kwa sababu kila mwanadamu, hata mwenye saa 8,000, atakosea siku moja, na siku hiyo awepo mwingine wa kumwambia. Mdogo akinyamaza, viti vinabaki viwili lakini rubani ni mmoja. Na ofisi yetu ndiyo ilivyokuwa. Watu wawili waliosoma, kichwa kimoja kikifanya kazi.

Dunia ya ndege ilikuwa imelijua somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana chini uwanjani, ndani ya ukungu, wakafa watu 583. Hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi kuliko ile. Rubani mkuu wa ndege iliyokuwa ikianza kuruka alikuwa mmoja wa wakubwa kabisa wa shirika lake, hata mafunzo alikuwa akiyasimamia yeye. Sekunde chache kabla, fundi aliyeketi nyuma yake aliuliza, hivi ile nyingine imeshatoka njiani? Akajibiwa kwa mkato kwamba imetoka. Akanyamaza. Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Alipojibiwa, hakuliendeleza.

Baada ya hapo mashirika ya ndege yalianza kufundisha kitu kipya. Wadogo walifundishwa namna ya kusema, na wakubwa walifundishwa namna ya kusikia. Kumbe kusema si ujasiri wa kuzaliwa nao. Ni ufundi, na ufundi hufunzwa.

Na sisi Waislamu, je, tulihitaji kungoja ndege zianguke? Tuna darsa la jambo hili ndani ya swala yenyewe.

Wamelipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, radhi za Allah zimshukie. Mtume (s.a.w.) aliswalisha swala ya mchana, ima Adhuhuri ima Alasiri. Akaswali rakaa 2 badala ya 4, akatoa salamu. Kisha akaenda akaegemea gogo lililokuwa msikitini, uso wake kama wa mtu aliyekasirika. Abu Bakr na Umar walikuwepo safuni. Wote wawili waliona, na wote wawili haiba ya Mtume iliwazuia kusema. Wenye haraka wakatoka nje wakiambizana kwamba swala imepunguzwa. Yaani watu walikuwa tayari kuamini kwamba sheria imebadilika kuliko kuamini kwamba kiongozi wao amesahau.

Akabaki mtu mmoja, si Abu Bakr wala Umar. Ni mtu aliyeitwa Dhul-Yadayn, kwa sababu mikono yake ilikuwa mirefu. Akamwendea Mtume, akamuuliza: je, amesahau, au swala imepunguzwa?

Liangalie lile swali vizuri, maana kila ninachotaka kukwambia leo kimo humo. Kwanza, alimwendea yeye mwenyewe. Hakutoka nje na wale wengine kwenda kujadili barazani. Pili, aliuliza. Hakutangaza kosa. Tatu, lile swali lina milango miwili, na yote ina heshima. Huenda umesahau, na kusahau ni ubinadamu. Huenda sheria imebadilika na mimi ndiye sijapata habari. Nne, pamoja na adabu yote hiyo, jambo lenyewe halikufichwa. Hakuna aliyelisikia swali lile akakosa kuelewa kwamba rakaa 2 zimepungua.

Na Mtume alifanya nini? Jibu la kwanza lilikuwa kwamba hakusahau wala swala haikupunguzwa. Kisha hakuishia hapo. Aliwageukia watu, akawauliza kama ni kweli asemavyo Dhul-Yadayn. Wakasema ndiyo. Akarudi mbele, akakamilisha rakaa zilizobaki, akasujudu sijda mbili za kusahau. Hakuna aliyelaumiwa, wala hakuna aliyedhalilika. Wanazuoni wanatuambia kwamba usahaulifu ule ulikuwa na hekima yake: ndio tumefundishwa kusahihisha swala mpaka leo.

Basi kama kiongozi bora kuliko viumbe wote aliulizwa, akathibitisha, akasahihisha, huyo mwalimu mkuu wako, daktari wako, mwekahazina wako ni nani hata asiulizwe?

Sasa tushuke kwenye vitendo, kwa hali yetu ya hapa. Katangi tunajuana. Mkubwa wako kazini ndiye mjomba wa rafiki yako. Na sisi Waislamu wa huku si wengi. Aliyekufundisha alifu na be ndiye pengine utakayemkuta kwenye kamati. Ukimkosea leo, kesho mko saf moja. Kwa hiyo ushauri wa kusema "mwambie tu usoni" hautufai. Hata hivyo, kunyamaza nako hakutufai. Fanya hivi.

Kwanza, hakikisha. Kabla hujafungua mdomo, rudi kwenye daftari, kwenye sheria, kwenye maandishi ya dawa, kwenye risiti. Hesabu tena. Jiulize, mimi nimeona kwa macho yangu, au nimesikia? Mimi siku ile nilikuwa na kifungu mkononi, kwa hivyo sikuwa na udhuru. Lakini pia usifanye kuhakikisha kuwe kisingizio cha kuchelewa. Kama dawa isiyofaa iko mkononi mwa muuguzi sasa hivi, sema sasa hivi.

Pili, chagua mahali na wakati. Si mbele ya wateja, si mbele ya wanafunzi wake, si baada ya swala watu wote wakisikia, na kabisa, kabisa si kwenye kundi la WhatsApp. Ukimsahihisha mtu mzima mbele ya watu 40, hata kama una haki, atatetea uso wake kwanza, ile kazi baadaye. Mngoje abaki peke yake. Ikiwa jambo linaweza kungoja mpaka chai, lingoje mpaka chai. Lisingoje mpaka mwezi ujao.

Tatu, anza na cheo chake na uanze na salamu. Hapa Ukambani mtu mzima humwiti kwa jina tupu. Ni nau, ni mwaitu, ni mwalimu, ni ustadh. Usione hiyo ni kujipendekeza. Nabii Ibrahim, katika Suratu Maryam, anazungumza na baba yake juu ya kosa kubwa kuliko makosa yote, nalo ni kuabudu masanamu, na kila anaposogeza hoja anarudia kumwita baba yangu, mara 4. Hoja ilikuwa nzito, wito ukabaki laini.

Nne, uliza swali, na uweke ushahidi mezani. Linganisha maneno haya mawili. La kwanza: "Mwalimu, umekosea, sheria inasema miaka mitatu." La pili: "Mwalimu, samahani, nisaidie hapa. Nimesoma kifungu hiki cha Sheria ya Ajira, naona kinasema miaka mitatu. Yule mzee wetu wa jana tumemwambia sita. Je, kesi yake haiingii humu, au mimi nimesoma vibaya?" Ukweli ni ule ule. Lakini la kwanza linamfungia mtu kwenye kona, na la pili linamfungulia njia ya kutoka. Na angalia neno "tumemwambia". Sikusema "umemwambia". Ofisi ni moja, kosa ni letu, na kulirekebisha ni kazi yetu sote.

Tano, sema kazi, usiseme mtu. "Hesabu za Machi hazijalingana na risiti" ni kitu mnachoweza kukaa chini mkakitazama pamoja. "Wewe huwa huko makini" ni vita. Na usilete mafaili ya miaka mitano kwa mpigo. Jambo moja, siku moja.

Sita, na hili vijana hulisahau: kuwa tayari kuambiwa kwamba wewe ndiye uliyekosea. Baada ya yale ya soja, niliona tena kitu kwenye barua moja ya Mwalimu. Safari hii nilimwendea asubuhi hiyo hiyo. Akanionyesha kwamba mimi ndiye niliyesoma tarehe vibaya. Nilitoka pale nimejifunza, yeye amejua kwamba nasoma kazi yake kwa makini, na hakuna aliyeumia. Nikajiuliza, kumbe ni hili tu nililokuwa naliogopa?

Sasa utaniuliza: nimefanya yote hayo, kwa adabu zote, na bado amenijibu, "Wewe umeanza kazi lini?" Hapo je?

Hapo ndipo fundi wa Tenerife aliponyamaza. Wewe usinyamaze, wala usipandishe sauti. Panda ngazi. Kuna hospitali za Marekani ambako wafanyakazi hufundishwa maneno matatu ya kupanda nayo, na naona yanaingia kabisa kwenye Kiswahili chetu. La kwanza: nina wasiwasi. Ukipuuzwa, la pili: mzee wangu, sina amani na jambo hili. Ukipuuzwa tena, la tatu: hili linahatarisha usalama wa mtu, naomba tusimame kwanza. Kila neno lina uzito kuliko lililotangulia, na hakuna hata moja lenye tusi ndani yake.

Ikishindikana, tafuta mtu mmoja anayemsikia, mtu wa rika lake au aliye juu yake, umweleze wewe mwenyewe. Hata Mtume aliwauliza waliokuwepo. Shahidi hadhalilishi ukweli. Na andika. Meseji fupi yenye adabu: "Mwalimu, kama tulivyozungumza asubuhi, bado nina wasiwasi kuhusu muda wa kesi ya mzee." Basi. Hiyo itamlinda yule mzee, itamlinda Mwalimu, na itakulinda wewe pia.

Wala sikuahidi kwamba kila mara utasikilizwa. Ibrahim alisema kwa upole wote ule, na baba yake akamfukuza. Upole si dawa ya kumlazimisha mtu akubali. Kazi yako ni kufikisha kwa njia ambayo, asipokubali, isiwe ni kwa sababu ya ulimi wako.

Na hapa lazima niweke mpaka, ili asije mtu kesho akanitumia vibaya. Nimezungumza juu ya kosa la kazi: mtu mwema amesahau, amechoka, hajasoma sheria mpya, hesabu imemponyoka. Sijazungumza juu ya wizi. Sijazungumza juu ya mkubwa anayemgusa mtoto au kumsumbua dada wa kazini. Huko hakuna swali la milango miwili wala kungoja wakati wa chai. Huko kuna kumlinda aliyeonewa kwanza na kupeleka habari panapohusika: polisi, afisa wa watoto, au Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, ambayo ina njia ya kuripoti bila kutaja jina lako. Mtu akikwambia, "Funika, ni heshima ya wakubwa," muulize: na heshima ya yule aliyeonewa, iko wapi? Stara tuliyofundishwa ni ya aibu ya mtu, si ya dhuluma yake juu ya wengine.

Kabla sijamaliza, neno dogo kwa wakubwa, maana najua wazazi wetu nao wanasoma kurasa hizi. Mzee wangu, mama yangu, kijana atakayekuja kwako na swali ametembea safari ndefu moyoni mwake. Amelala nalo siku mbili. Jibu lako la kwanza ndilo litakaloamua kama atakuja tena. Usipokuwa na jibu, sema tu, "Ngoja nitazame." Maneno mawili hayo yangemwokoa soja wetu. Na usingoje waje: waulize. "Kuna kitu hapa nimekosea?" Ukiuliza hivyo mara moja kwa wiki, utashangaa utakayoambiwa.

Na wewe kijana, siku moja utakuwa mkubwa. Ni mapema kuliko unavyodhani. Jinsi unavyowaambia wakubwa leo ndivyo utakavyoambiwa kesho.

Basi leo usiku, kabla hujalala, fikiria kazi yako. Je, kuna ukurasa umeukunja pembe? Kuna tarehe unayoijua, hesabu unayoitilia shaka, dawa, sahihi, jina lililoachwa kwenye orodha? Usimfikirie mkubwa wako, wala usijifikirie wewe. Mfikirie yule wa tatu, mwenye bahasha yake ya kaki, ambaye hajui kwamba siku zake zinahesabika. Kesho asubuhi, piga hodi, toa salamu, uliza swali lako.

Mwenyezi Mungu atupe ulimi laini na moyo usioogopa ila Yeye. Awarehemu waliotangulia, awape subira waliodhulumiwa haki zao, na awape wakubwa wetu masikio.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.